Klabu ya kuzungumza hapa Mwanza: nenda, ila ulizia kwanza mada ya wiki

Watu wakiniuliza kama ile klabu ya kuzungumza mbele ya watu inayokutana Jumatano jioni hapa mjini inafaa, nami huwauliza: wiki hii mada ni ipi? Kama ni "Deni", nenda hata mvua ikinyesha. Kama ni "Uongozi Bora kwa Maendeleo Endelevu", kaa nyumbani ule ugali na sato vikiwa vya moto.

Nauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba, na ni mhazini wa kikundi chetu cha akina mama. Kilichonipeleka klabuni ni kimoja: kusoma taarifa ya fedha mbele ya wanawake ambao hizo fedha ni zao kunataka sauti isiyotetemeka. Cheti sikukifuata. Basi pokeeni haya kama maneno ya mteja anayelipa.

Ukumbi ni darasa la kukodi, ghorofa ya pili, si mbali na Barabara ya Kenyatta. Tangazo linasema saa kumi na moja na nusu. Waandaaji wanaanza saa kumi na mbili kasoro, na hakuna anayeona haya. Mgeni halipi kitu. Mwanachama anatoa elfu kumi kwa mwezi, chai ya rangi na maandazi humo humo. Utaratibu wameuazima kwa Toastmasters, chama alichokianzisha Ralph Smedley huko Santa Ana, California, mwaka 1924, ingawa klabu yetu si tawi lao na haijidai kuwa. Kuna hotuba za kuandaa, za dakika 5 hadi 7. Kuna za papo kwa papo, dakika 1 hadi 2: unachomoa swali kikapuni, unasimama, unaanza. Kisha mtathmini anakwambia kwa dakika 2 au 3 wapi umepatia na wapi bado. Mtunza muda anainua kadi ya kijani, ya njano, halafu nyekundu, na pembeni kuna mtu anayehesabu "eeh" na "yaani" zako bila huruma yoyote.

Hayo utayakuta katika klabu yoyote ya namna hii. Tofauti ya Jumatano moja na nyingine iko kwenye mada, maana maswali yote ya kikapuni yanatoka humo.

Chukua ile wiki ya "Deni". Neno moja, halina hata kitenzi, lakini aliyeandika maswali alikuwa na akili. "Unamdai shemeji yako, mmekutana msibani. Unaanzaje?" "Mteja wako wa mkopo amehamia duka la jirani, na kila asubuhi anakupungia mkono akipita." "Mtoto wa dada yako amekopa kwenye simu na kukuandika wewe kuwa mdhamini." Kijana mmoja anayebeba magunia Mwaloni, ambaye siku zote alikuwa akikaa nyuma karibu na mlango kama anayetaka kutoroka, ndiye aliyechomoa la shemeji. Akasimama. Akanyamaza kidogo, akaweka mkono kifuani, akasema, "Shemeji, pole sana na msiba. Marehemu alikuwa mtu wa kulipa." Ukumbi ulilipuka. Mzee mmoja alimwaga chai. Kijana akaendelea mpaka kadi nyekundu, na kila sentensi ilikuwa na uzito, kwa sababu alikuwa anasema jambo analolijua kwa ngozi yake. Baada yake akasimama mhadhiri wa chuo, mtu wa maneno mengi na miwani mizuri, akatueleza mikopo na riba vizuri tu. Lakini usiku ule mhadhiri ndiye aliyekuwa mwanafunzi, na kwa heshima yake alikiri hivyo mwenyewe wakati wa tathmini.

Sasa ile ya "Uongozi Bora". Tulikuwa watu wale wale, ukumbi ule ule, maandazi yale yale. Fundi wa friji ambaye huwa anatuvunja mbavu alisimama akaanza "Ndugu mwenyekiti, uongozi bora ni nguzo muhimu", nikajua jioni imekwisha. Wote walifuata njia hiyo: nguzo, chachu, mstari wa mbele. Siwalaumu. Mada ya namna ile imeshajijibu yenyewe kabla hujafungua mdomo. Nani atasimama atetee uongozi mbaya? Pasipo pa kubishana, mtu anaazima maneno ya mgeni rasmi, na mgeni rasmi hata kwenye mkutano wake halali hatumsikilizi. "Nafasi ya Vijana katika Uchumi wa Buluu" nayo iliishia pabaya kama hiyo, japokuwa tuliokuwa mle ndani nusu tunakula kwa ziwa.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: mbeba gunia na mhadhiri, kila mmoja, awe na dakika 2 za kwake kwenye mada hiyo, na watu wawili waweze kugombana juu yake kwenye daladala ya Igoma bila mmoja wao kuwa mjinga. Mada ikishindwa kimojawapo, waiandike kwenye bango la semina.

"Kuvuka" ilifaulu vyote viwili. Waliiweka wakati gumzo la Daraja la J.P. Magufuli bado lina joto, lile la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Kilomita 3 juu ya maji, na gari linapita kwa dakika chache mahali ambapo zamani ulikaa kusubiri kivuko mpaka ukajua majina ya watoto wa dereva. Mwalimu wa upande wa Sengerema alitoa hotuba nzuri juu ya usiku aliolala Kigongo kwa kukosa kivuko cha mwisho, na mgonjwa waliyekuwa naye foleni moja. Sote tukapiga makofi, tukadhani mambo yameisha. Akasimama mama aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha na karanga kwenye yale magari. "Foleni yenu," akasema, "ndiyo lilikuwa duka langu." Hakulalamika, wala hakusema daraja lisingejengwa. Alitueleza tu anauza wapi siku hizi na anauza trei ngapi. Mshereheshaji alikosa cha kuongeza, akaita mapumziko, na hilo ndilo jambo la busara alilofanya jioni ile.

Lakini iliyonifanya nilipe ada ya miezi mitatu kwa mkupuo ni ya mwezi Juni: "Bagika na Bagalu". Sisi Wasukuma tunajua. Pale Bujora, Kisesa, msimu wa Bulabo, sherehe zetu za ngoma, makundi mawili, Bagika na Bagalu, yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja na uwanja wake na mbwembwe zake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Hakuna jaji wa meza. Klabu ikafanya vivyo hivyo: viti vikaondolewa, wazungumzaji wawili wakapewa pembe mbili za ukumbi, wakaongea kwa pamoja, na wasikilizaji wakawa huru kutembea. Swali lilikuwa sato wa ziwani au sato wa kizimba, yule wa kufugwa. Nikapewa ziwani. Nilianza na umati, maana nani hapendi sato wa ziwani? Nikaingia kwenye bei ya mafuta ya injini, nikaona migongo. Mmoja, wa pili, halafu kundi zima likavuka kwenda kwa yule dada wa vizimba aliyekuwa anasimulia jinsi anavyolisha samaki wake huku anawaimbia. Mtathmini anaweza kukwambia kwa upole kuwa katikati ulipoa kidogo. Hapa unaona kwa macho ni sentensi ipi iliyowafukuza. Waifanye kila mwaka.

Lipo moja ambalo halikunipendeza hata kidogo, nalo si la kuchekea. Mwezi Mei waliweka "Safari za Majini". Mada nzuri, ina hadithi nyingi. Lakini kikapuni kulikuwa na swali "Tusimulie safari ya meli usiyoweza kuisahau", likamwangukia mama mmoja mgeni, mtu wa Bukoba. Alilisoma kimya, akalikunja, akasema samahani, akakaa. Mshereheshaji, kijana mdogo, akamhimiza: "Jaribu tu mama, hakuna jibu baya!" Kijana, mwezi Mei katika mji huu? MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa inakaribia Mwanza, mamia wakafa, na makaburi ya waliopatikana yapo Igoma pale. Alikuwa hajazaliwa, sawa. Waliomtangulia kwenye kamati walikuwa wamezaliwa.

Sisemi msiba usizungumzwe. Baadaye mzee mmoja alitoa hotuba ya kuandaa juu ya ndugu yake aliyepotea siku ile, dakika 7, na hakuna aliyetazama simu. Ila yeye alichagua mwenyewe, alilala nayo, akajua atasimama wapi sauti ikikatika. Swali la kikapuni halikupi nafasi hiyo. Lina dakika moja na macho ya watu. Mada yenye kidonda iende kwenye hotuba za kuandaa, na kikapuni waweke mepesi: aliyekosa tiketi, mbuzi aliyepanda kivuko, mkwe mwenye kichefuchefu. Nilimwambia mwenyekiti hayo kwenye ngazi tukishuka. Alinisikiliza vizuri. Kama ameyaandika mahali, sijaona.

Shida nyingine inatokana na kamati yenyewe. Ni watu watatu, wote walimu, hawabadilishwi. Wanajitolea na ninawaheshimu, lakini ratiba yao inanuka chaki. Mwezi Januari, mji mzima unahangaika na sare na michango ya shule, wao waliweka "Malengo ya Mwaka Mpya". Mada ya "Ada" ilikuwa imelala mlangoni wakairuka. Na mada inatumwa kwenye kundi la WhatsApp Jumanne usiku, kwa hiyo anayetaka kuandaa hotuba anapata siku moja. Simba na Yanga waliijaribu. Ikawa kelele tu, na mtunza muda akatupa kadi. Siasa za vyama wameziweka pembeni, hapo nawaunga mkono.

Mimi nimewapelekea ya kwangu, "Mwezi Mpevu". Sisi wa dagaa tunakula kwa giza: mwezi ukiwa mkubwa, taa za wavuvi hazivuti kitu, mitumbwi inalala, na pesa inalala nayo. Mwalimu ana mwezi mpevu wake kabla ya mshahara. Mkulima wa pamba anao kabla ya msimu, bodaboda anao mafuta yakipanda. Kikapuni ningeweka: "Kipato kimesimama, mgeni anabisha hodi na mzigo wa nguo za wiki mbili." Wamesema wataijadili.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata wakiingiza kwenye kamati mtu mmoja anayeuza kitu. Wanaotaka Kiingereza cha kwenye usaili waje Jumatano ya mwisho wa mwezi tu, siku nyingine ni Kiswahili. Na mzee mwenye magoti mabovu apige simu kwanza, kwani zile ngazi hazina pa kushikilia.