Kupoza kompyuta kuu: hewa au maji?

Kompyuta kuu inayokokotoa mwendo wa upepo kwenye mitambo ya umeme, au kemia ya betri, hugeuza karibu umeme wake wote kuwa joto. Joto hilo liende wapi?

Hewa ndiyo njia ya zamani: viyoyozi na feni. Ni rahisi kufunga, na fundi hufungua kabati bila hofu ya kulowesha chochote. Ila viyoyozi navyo vinakula umeme, na chipu zikisongamana hewa huzidiwa.

Maji ya ujazo uleule hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya hewa. Wala si lazima yawe baridi. Ya uvuguvugu yanatosha, maana chipu zina moto zaidi. NREL, maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani (tangu Desemba 2025 inaitwa National Laboratory of the Rockies), ilifungua kituo cha kompyuta kinachopozwa kwa maji ya aina hii huko Golden, Colorado, mwaka 2013. Umeme wa kituo kizima huzidi ule wa kompyuta zenyewe kwa asilimia chache tu, na joto linalotoka hupasha ofisi za jengo (raha iliyoje msimu wa theluji!). Mabomba yana gharama, na kuvuja ni jinamizi. Hata hivyo, kwa mashine kubwa ningechagua maji. Hewa ningeiachia vyumba vidogo vya seva.