Taa za sensa za kuchaji kwa mzee mwenye presha ya macho: nyota nne, na zifungwe chini

Kwa asiye na muda: nunua. Seti ya taa tatu nimeipata Kariakoo kwa Sh 24,000 baada ya kupatana (muuzaji alianzia 35,000 na uso mkavu kabisa), na kwa kazi niliyoitakia zimeupita kwa mbali mkongojo wa miguu minne niliomnunulia Baba kwa bei kubwa zaidi. Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu nitakazozitaja.

Nazitumia kwa ajili ya Baba. Ana miaka 78, alikuwa fundi wa mabehewa TAZARA mpaka anastaafu, na ana presha ya macho. Gazeti anasoma, akivaa miwani. Mgeni akisimama mlangoni anamtaja jina kabla hajapewa shikamoo. Lakini weka ndoo koridoni uone: anaipiga teke, maji yanamwagika, halafu anafoka, "Nani kaiweka hii hapa sasa hivi?" Ndoo iko pale tangu asubuhi. Mke wangu alikuwa anasema ni ukaidi wa wazee, watoto wanasema Babu hajali.

Kliniki ya macho ndiko tulikoelewa. Walimkalisha kwenye mashine ya kupima eneo la kuona: unakodolea nukta moja katikati, vimwanga vinamulika huku na kule, kila ukikiona kimoja unabonyeza kitufe. Karatasi ilipotoka, nusu ya chini ilikuwa imepakwa weusi, jicho la kulia zaidi kuliko la kushoto. Daktari akatuambia ugonjwa huu unaua mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, mara nyingi bila maumivu yoyote, na kwa kawaida katikati hupaacha mpaka mwisho. Mgonjwa mwenyewe haoni giza, kwa sababu ubongo unajaza pengo kwa kubahatisha. Kwa hiyo Baba akiapa kwamba anaona vizuri, hadanganyi. Kilichokwisha potea hakirudi. Matone na matibabu mengine ni ya kulinda kilichobaki. Na waliopoteza upande wa chini wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kuanguka, maana huko ndiko kuliko na vizingiti, ngazi na kandambili za wajukuu.

Sasa taa zenyewe. Kila moja ina urefu wa rula ya shule, nyembamba, ina sumaku nyuma na kibati cha kubandika ukutani. Unaichaji kwa waya wa simu. Sensa inahisi joto la mwili linalosogea. Mtu akiwa hatua tatu nne hivi inawaka, akishapita inakaa kidogo halafu inazima yenyewe. Kukiwa na mwanga wa kutosha haiwaki, hivyo mchana haili chaji bure. Swichi ina sehemu tatu: kuzima, kuwaka muda wote, na ya sensa. Kwa vile ni za kuchaji, umeme ukikatika usiku zenyewe hazina habari. Hiyo peke yake kwangu ni nyota moja.

Picha ya kwenye boksi inaonyesha taa imebandikwa juu ya kabati la jikoni. Msiifuate. Za Baba nimezifunga usawa wa kifundo cha mguu. Mwanga ukitoka juu nyuma yake, kivuli chake mwenyewe kinaangukia pale anapotaka kukanyaga. Ukitoka chini, unatambaa sakafuni na kila kitu kilichoinuka kinatupa kivuli kirefu. Kizingiti cha mlango wa uani, ambacho mchana hata mimi sikitilii maanani, usiku kinaonekana kama kimechorwa kwa kalamu. Nilijaribu kutembea humo huku nimekinga kiganja chini ya macho ili nisione miguu yangu. Jaribuni na nyie kwenye nyumba zenu. Mtaondoa vitu vingi koridoni siku hiyo hiyo.

Moja iko pembeni ya mlango wa chumba chake, moja katikati ya korido, moja kwenye ngazi tatu za kushukia uani, kwa kuwa choo chetu kiko nje. Baba huamka usiku kwa haja ndogo, kisha kabla ya alfajiri kwa ajili ya udhu. Zamani alikuwa anapapasa gizani makusudi, hataki kuwasha taa kubwa asije akaamsha watu. Na taa kubwa nayo ilikuwa na shida yake: macho yenye ugonjwa huu huchelewa kuzoea mwanga ukibadilika ghafla, basi akitoka gizani kuingia kwenye taa kali anasimama amefumba, mkono ukutani. Hizi ndogo hazimshtui.

Lakini hapo ndipo penye kasoro ya kwanza. Boksi halisemi rangi ya mwanga, na mbili kati ya tatu nilizopewa zilikuwa za mwanga mweupe unaochoma. Nimezibandikia karatasi ya kaki, zimetulia. Ukienda dukani omba ziwashwe mbele yako na uchague za njano.

Kasoro ya pili ni joto letu la Dar. Sensa ya namna hii inategemea tofauti kati ya joto la mwili na la hewa. Usiku wa Januari na Februari, hewa ikiwa imesimama, tofauti inapungua na taa inachelewa mpaka mtu awe juu yake kabisa. Miezi hiyo ile ya kwenye ngazi naiweka kwenye kuwaka muda wote na kuichaji kila siku. Kero, ila afadhali.

Gundi yake haifai kwenye ukuta wa chokaa, ilibanduka usiku wa kwanza, tukapiga skrubu. Moja ilikataa kuchaji. Muuzaji alinibadilishia baada ya kelele kidogo, na risiti hana. Halafu haziwezi mvua. Ile ya nje ipo chini ya upenuni na bado nimeikatia kidumu cha plastiki kama kofia.

Mkongojo, kwa kuwa niliutaja mwanzoni. Kwenye sakafu iliyo sawa ni mzuri, unasimama wenyewe. Kwenye ngazi zetu, miguu minne haienei kwenye kidaraja kimoja, unayumba, na mwenye kuushika anayumba nao. Baba anauacha mlangoni na kuniambia, "Mwanangu, huu unataka kubebwa, haunibebi." Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitushauri fimbo ya kawaida yenye mpira chini, iliyokatwa kwa urefu wake, na bomba la kushikilia pembeni ya ngazi. Bomba limechomelewa na fundi wa mtaani. Kingo za vidaraja nimezipaka mstari wa rangi ya njano kwa brashi. Kopo dogo limetosha na limebaki.

Taa haziwezi kutibu kila kinachomwangusha mtu, na hapa mnunuzi asijidanganye. Miwani ya Baba ni ile yenye sehemu ya kusomea chini. Akishuka ngazi, anatazama miguu kupitia kioo cha kusomea na sakafu inakuwa ukungu. Sasa ana jozi mbili, ya kusomea inabaki mezani. Matone yake ni timolol, na hayo yakishuka puani yanaingia kwenye damu, yanaweza kupunguza mapigo ya moyo na kuleta kizunguzungu mtu akiinuka haraka; mwenye pumu anapaswa kumwambia daktari kabla ya kuandikiwa. Muuguzi alituonyesha: ukishadondosha, funga jicho na ubonyeze kwa kidole kona ya karibu na pua kwa dakika mbili. Baba anaketi kitandani kwanza, ndipo anainuka.

Kuna pia tiba ya leza. Utafiti uliofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa 2021 uliilinganisha na timolol, na baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kushusha presha kwa karibu macho 61 katika 100, timolol 31. Tumeshauliza kuhusu rufaa. Mimi na wadogo zangu tumepima macho vilevile, maana mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa yuko kwenye hatari zaidi, na sisi Waafrika huanza mapema kuliko wengine.

Anayeona natia chumvi kuhusu kuanguka akumbuke kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wazee wa zaidi ya miaka 60 ndio wengi. Nyonga ikivunjika kwenye umri wa Baba, gharama yake haitajwi pamoja na Sh 24,000.

Kwa ufupi wa ununuzi: seti ya tatu inatosha nyumba ya vyumba vitatu, hakikisha tundu la chaji ni la simu za sasa, na jaribu sensa kwa kupitisha mkono mahali penye giza, hata chini ya meza ya muuzaji. Wenye paka wajue itawaka usiku kucha; yangu ya koridoni nimeinua kiasi cha shibiri moja, paka anapita chini yake na Baba bado anaonekana.