Darasa la Kiingereza la jioni Ngamiani, Tanga: nimelipa, nimesoma, nimeaibishwa

"Dada, umekuja kusoma au umekuja kukagua?"

Niliambiwa hivyo mbele ya darasa zima, na ada yangu walikuwa wameshaitia kibindoni. Ni siku nyingi kidogo sasa, lakini nikikumbuka uso bado unachoma.

Kisa chenyewe ni neno moja. Mimi nakaa mapokezi kwenye nyumba ya wageni upande wa Raskazone. Wageni wetu hawasemi Kiingereza tulichosoma shuleni. Hawasemi "return", wanasema "come back". Akitaka teksi ije kumchukua, ni "pick me up". Vitenzi hivyo vya maneno mawili mawili, na vingine vitatu vitatu, vinanitoa jasho, hasa vikitoka leo kwenda jana. Ndivyo vilivyonipeleka darasani, baiskeli hadi Ngamiani baada ya kazi, nimechoka hoi.

Tukapewa zoezi. Nikaandika "The water has run out", yaani maji yamekwisha. Kazini sentensi hiyo naitumia kuliko salamu. Mwalimu akaikata "run" kwa kalamu nyekundu, juu yake akaandika "ran".

Basi nikatoa kamusi. Run, ran, run. "Ran" ni ya jana na husimama peke yake: "the water ran out". Ikitanguliwa na "has" au "had", kitenzi kinarudi "run" kama kilivyoanza. "Come back" nayo ni hivyo hivyo: jana "came back", lakini "has come back". Nilimwendea kwa adabu zote za kwetu, samahani mwalimu, shikamoo mwalimu, naomba unitazamie hapa. Ndipo akanitupia hilo la kukagua. Wenzangu wakaangua kicheko. Kamusi hakuigusa hata kwa kidole.

Kukosea si neno, nani hakosei? Mimi mwenyewe nimeshamwambia mgeni makubwa kuliko hayo. Kilichonikera ni kulipa ili nichekwe.

Na jambo jingine: pale ukitamka Kiswahili unatozwa faini shilingi 200. Mkoa aliozaliwa Shaaban Robert, Kiswahili kinalipiwa faini! Laiti wangekiruhusu, wangetufundisha vitenzi hivi kwa dakika tano. Nasema hivyo kwa sababu mimi nilifundishwa na mzee anayetupigia pasi mashuka, naye hakujua kama ananifundisha. Alikuwa akinihesabia kazi yake: "Haya nimeyapiga pasi, yale nitayapiga pasi kesho." Nikaduwaa. "Piga" ndiyo inayobeba jana, leo na kesho, "pasi" haiguswi. Hakuna anayesema "nimepiga imepasi". Give up, gave up, given up: hiyo "up" ndiyo pasi yao. Tena tazama ile "ya" ya "nimeyapiga" ilivyojipenyeza mbele ya pasi. Waingereza nao ni "pick it up", huwezi kusema "pick up it".

Lakini si vyote. "Look after", yaani kutunza, inagoma: ni "look after her", ukimtia "her" katikati umeharibu. Kwa nini hii ikubali na ile ikatae? Hilo ndilo swali nililotaka kuuliza darasani, na baada ya yale ya kamusi sikuthubutu tena.

Nisiwe mdhalimu, lakini. Siku moja nilibadilishana zamu nikaingia kipindi cha asubuhi, na mwalimu wa asubuhi ni mtu na nusu. Alitusimamisha tukaimba "wake up, woke up, woken up" mpaka ikakaa ulimini. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu wote akashika kabla yangu. Nikatoka nimekunjuka, nikasema moyoni kumbe mahali penyewe si pabaya, ni bahati ya zamu. Ningeandika siku ile, ningewaambia nendeni, ila asubuhi.

Nikaenda ofisini kuomba nihamishiwe huko. Kijana aliyekaa pale hakuinua macho kwenye simu. "Umelipia jioni." Nikamwambia basi mdogo wangu nirudishieni ya wiki zilizobaki. "Ada hairudi." Hata pole? Hata karibu dada ukae? Huku ndiko kwetu kunakosemwa waja leo waondoka leo, mgeni anaonjeshwa ukarimu mpaka anasahau safari yake, na mimi mwenyeji nasimamishwa mlangoni kama nimekuja kuomba chumvi! Basi yale ya nendeni asubuhi nayafuta. Msiende kabisa.

Mimi bado naenda. Hela yangu ni ya jasho, siwaachii. Juzijuzi mwalimu yule yule alitaka kila mtu aandike sentensi moja ya wakati uliopita. "Put up with" maana yake ni kumvumilia mtu, na raha yake ni kwamba "put" haigeuki: ya kila siku "put", ya jana "put", hata baada ya "has" ni "put". Nikaandika, "I put up with my teacher."

Akaisoma. Akauliza hii ni ya jana au ya kila siku. Nikamwambia vyote viwili, mwalimu.

Akatia tiki.