Letterboxd: shajara nzuri ya filamu, ila tamthilia zitafutie kwingine

Letterboxd ni tovuti na programu ya simu ya kuweka kumbukumbu za filamu: unaandika ulichotazama, unakipa nyota, unaongeza maoni. Ilianzia Auckland, New Zealand, mwaka 2011. Toleo la bure linawatosha watazamaji wengi, na hakuna sababu ya kulipia kabla hujalizoea.

Kinachoipa thamani ni shajara, na hapo ndipo wengi huharibu mapema. Kila filamu ina alama ya jicho. Ukiigusa, filamu inahesabiwa kuwa umeitazama, basi. Haina tarehe wala haiingii kwenye shajara. Mgeni hugusa macho jioni nzima, kisha anashangaa shajara ni tupu. Kwa filamu ulizotazama miaka ya nyuma jicho linatosha (nani anakumbuka tarehe?). Kwa unayoitazama leo, fungua sehemu ya kuandika, weka alama kwenye kisanduku cha tarehe, na kama ni marudio, weka alama ya marudio pia. Nyota huanzia nusu hadi tano, yaani ngazi kumi. Amua mapema nyota tatu kwako zina maana gani, la sivyo baada ya miezi michache kila kitu kitakuwa na nne.

Mwenye orodha yake kwenye Excel anaweza kuiingiza kwa mkupuo kama faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu). Vichwa vya safu viandikwe hivi hivi: Title, Year, WatchedDate, Rating. Ukiwa umezoea kutoa alama kwa kumi, tumia Rating10. Tarehe iwe na mpangilio wa 2024-03-09. Excel ina tabia ya kuibadilisha tarehe bila kukuuliza, kwa hiyo fanya safu hiyo iwe ya maandishi kabla ya kuijaza. Usiache mwaka wazi: Rafiki ya Wanuri Kahiu ni ya 2018, lakini ipo filamu ya Norway ya 2009 inayojulikana kwa jina hilo hilo. Kabla ya kuhifadhi utaonyeshwa filamu zilizopatikana. Zipitie moja moja.

Udhaifu mkubwa kwa msomaji wa huku ni filamu zetu. Taarifa za filamu hutoka TMDB, hifadhi inayojazwa na watumiaji wenyewe, na Bongo Movie nyingi zilizouzwa kwa DVD hazimo. Dawa ni kufungua akaunti TMDB na kuiongeza filamu mwenyewe. Kwanza tafuta kwa majina yote mawili, maana Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021) inaitwa pia Tug of War, na ukurasa wa pili wa filamu ile ile hugawanya nyota na maoni. Jina asilia liwe la Kiswahili, lugha iwekwe Kiswahili, kisha mwaka, dakika, mwongozaji na waigizaji. Bango liwe la wima kwa uwiano wa 2:3, lisipungue pikseli 500 kwa 750. Bango lililopita WhatsApp mara nyingi limeshabanwa na halifai. Liombe kwa watayarishaji. Baada ya hapo subiri, haitokei Letterboxd papo hapo.

Kwa tamthilia, sahau. Utakuta mifululizo mifupi ya msimu mmoja, lakini tamthilia ya misimu mingi haina pa kukaa. Serializd, shajara kama hii ila ya tamthilia, inafanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwani unatoa nyota kwa msimu au kwa kipindi kimoja kimoja.

Toleo la Pro huondoa matangazo na kukupa takwimu: waongozaji uliowatazama zaidi, nchi, miongo. Linavutia ukishajaza shajara ya mwaka mzima. Kabla ya hapo unanunua grafu tupu. Kiswahili hakimo kwenye menyu, ingawa maoni unayaandika kwa lugha yoyote.

Pakua nakala ya data yako kila baada ya miezi michache kupitia mipangilio. Utapata faili la zip lenye CSV za shajara, nyota na maoni. Usizifungue kwa kubofya mara mbili: Excel huweza kuvuruga alama ya ng’ iliyoandikwa kwa simu. Ingiza faili kupitia menyu ya data na uchague UTF-8.