Mlango wa wavu wa dola 25, Komanda na Kapenta

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta: dola 25, halafu dola 3 za marekebisho ambayo sikupaswa kuyalipia. Kwa pesa hizo nilipata nusu-mlango wa mbao na wavu wa kuku, kimo chake mita 1.20, kazi ya fundi mmoja wa mbao anayefanyia kando ya barabara hapa Katuba, Lubumbashi. Ila kuku sina. Nina mbwa, na sasa nina paka.

Ninauza unga wa mahindi nyumbani. Panya walikuwa wanatoboa mifuko ya kilo 25 chini kabisa, pale ambapo huoni kitu mpaka unyanyue mfuko na unga ukumwagikie miguuni. Sumu siwezi kuitia karibu na chakula cha watu. Basi rafiki yangu wa Kamalondo akanipa kapaka ka wiki kumi, rangi ya fedha, kembamba kama wale samaki wadogo wakavu, tukakaita Kapenta. Nikakaleta ndani ya katoni ya sabuni.

Shida ilikuwa Komanda, mbwa wangu. Ana miaka minne, kifua kama gunia, na kazi yake ni kulinda lupango, yaani ua wa nyumba, usiku. Mwaka jana aliua kuku wawili wa jirani. Nililipa bila kubishana.

Siku ya kwanza nilifanya upumbavu. Kila mtu aliniambia, "Ubaweke pamoja tu, batazoeleana." Nikamshika Komanda kwa mnyororo, mwanangu akamweka Kapenta sakafuni. Komanda hakubweka, na hilo ndilo lililonitisha. Alifunga mdomo, mwili ukakauka kama ubao, macho hayapepesi, mkia ukawa unatikisika polepole. Mwanangu akafurahi: "Mama, angalia, anatikisa mukia!" Mkia wa mbwa si kicheko kila mara, jamani. Kapenta akavimba akawa mpira wa manyoya, akapanda kitenge changu mpaka begani. Alama za kucha bado ninazo.

Kabla ya mlango nilijaribu pia tundu la kuku kutoka soko la Kenya (kwa wageni: Kenya hapa Lubumbashi ni komini, sehemu ya mji, hamhitaji pasipoti). Ni rahisi kuliko mlango lakini msilinunue kwa kazi hii. Paka yumo katikati ya chumba, mbwa anamzunguka, na mdogo hana pa kukimbilia wala pa kujificha. Kapenta alikataa kula mchana kutwa. Jioni nikalitoa nje.

Aliyenifungua macho ni daktari wa wanyama aliyekuja kumdunga Komanda sindano ya kichaa cha mbwa. Kapenta alimwacha kwanza, ya kwake ni mpaka atimize miezi mitatu. Akatazama lile tundu, akatazama mkono wangu, akasema, "Mama, kila mutu apate chumba yake kwanza. Bajuane kwa harufu. Kisha utafute mulango yenye banaweza kuonana bila kugusana."

Ndipo nikaenda kwa fundi. Mtu mwenye heshima, hilo nalisema wazi, na mbao zake zimenyooka: mlango haujapinda mpaka leo, na bawaba mbili alizotia zinaubeba vizuri. Lakini aliahidi siku mbili zikawa tano, na nilikuwa nimeshaweka dola 15 mezani. Siku ya kuufunga, Kapenta alifika, akanusa wavu, akatia kichwa kwenye tundu moja, akatia bega, akapita. Mbele ya macho yetu! Bahati njema Komanda alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba. Fundi akajikuna: "Mama, ulisema wavu ya kuku. Kuku hawezi kupita hapa." Kweli nilisema hivyo. Lakini nilimwambia pia ni wa paka, mara tatu, na yeye alicheka mara tatu.

Akaongeza wavu wa pili juu ya wa kwanza, akausogeza kando kidogo ili matundu yasilingane. Hizo ndizo dola 3. Chini kulikuwa na mwanya wa vidole vinne. Nikapigilia ubao mwenyewe. Na upande wa mbwa ncha za misumari zilikuwa zimetokeza, nikazilaza kwa nyundo kabla hazijamchana mtu pua. Ukiagiza mlango kama huu, peleka kiganja chako ukipitishe kila mahali kabla ya kumaliza malipo. Mimi sikupeleka.

Sasa faida yake. Siku tatu za kwanza niliufunga mlango wa kawaida wa chumba cha Kapenta, wa mbao tupu. Nilimfuta Kapenta kwa kipande cha kitenge kikuukuu, nikakiweka chini ya sahani ya bukari (ugali) ya Komanda, na cha Komanda nikakipeleka kwenye katoni ya Kapenta. Alikilalia usiku uleule. Siku ya nne nikafungua, ukabaki wavu. Kila mmoja akala upande wake, mbali kwanza, kama hatua nne kutoka mlangoni, na kila siku nikasogeza sahani kidogo. Komanda akianza yale macho yake ya kukodoa, ninamwita jina. Akigeuza kichwa tu, anapata samaki mkavu. Asipogeuka, namrudisha nyuma hatua mbili, hakuna kelele, hakuna fimbo. Nilijua ukimpiga mbele ya paka atajifunza kwamba paka huleta kipigo.

Jioni ya tisa umeme ulikuwa umekatika, tuko na tochi. Komanda akabandika pua kwenye wavu. Kapenta akainua mkono akampiga kofi. Lile dubwana likarudi nyuma, likakaa chini, likanitazama mimi kana kwamba linamshtaki mtu kwangu. Tulicheka mpaka jirani akauliza kuna nini.

Kasoro moja ya mlango iligeuka baraka. Wavu unapandika. Wiki ya pili Kapenta alipanda mpaka juu, akakaa kwenye ubao wa kichwa akimwangalia Komanda kutoka juu, na tangu siku hiyo hakuvimba tena. Paka akiwa na mahali pa juu moyo unatulia. Lakini mjue basi kwamba mita 1.20 haimzuii paka, na mbwa mwepesi anaweza kuiruka. Usiku na nikitoka ninafunga mlango wa mbao, wavu siutegemei.

Siku ya kumi na sita niliingia na Komanda kwa mnyororo, dakika tano, tukatoka. Kesho yake dakika kumi. Ilichukua zaidi ya wiki tatu mnyororo kulala sakafuni nami nikikaa karibu nao.

Sahani ya Kapenta iko juu ya mifuko ya unga, maana chakula chake Komanda anakitamani, na paka hawezi kuishi kwa bukari, anahitaji nyama au samaki kila siku. Sanduku la mchanga, choo cha Kapenta, nalo lazima likae nyuma ya mlango. Sababu mtaigundua wenyewe mkiwa na mbwa, mimi sitaiandika watu wakila.

Kwa hiyo mlango wenyewe nyota nne kati ya tano, fundi nyota tatu. Ningemrudia, lakini safari hii ningekwenda na Kapenta mkononi ili apime tundu la wavu kwa kichwa chake.

Jirani, yule wa kuku, ameshaniomba mlango kwa ajili ya vifaranga. Nimemwambia kwa heshima, "Yaya, ngoja kwanza." Jana Kapenta alikimbia ghafla kukatiza chumba na Komanda akainuka nusu, masikio mbele, kabla sijamwita. Alikaa. Lakini niliona miguu yake ya nyuma.