Jiko la kopo au mtungi wa kilo 6? Uzoefu wangu wa kupikia safarini na Hiace

Huu ni mwaka wa nne natembea na Hiace na familia, siti za nyuma tulitoa, fundi akatupigia kitanda cha mbao chenye droo mbili chini, na kilichonisumbua kuliko vyote sio kitanda wala taa wala maji, ni jiko. Nimepitia majiko matatu mpaka kufika kwenye hili nililonalo sasa. Naandika nilichokiona mwenyewe ili kama na wewe unataka kununua ujue kabisa unaenda kununua nini.

La kwanza lilikuwa la mkaa, hilo silizungumzii sana. Linachafua gari, majivu lazima uyasubiri yapoe ndo upakie, mvua ikikukuta ndo basi tena hamli. Ila kuna jambo moja naomba mnisikilize jamani, jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari wala ndani ya tenti, hata kama moto umeisha yamebaki makaa tu na hata baridi iwe kali kiasi gani. Ile kaboni monoksaidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa, haina harufu, haina rangi, mtu analala haamki. Na gesi nayo ukiiwashia sehemu iliyofungwa inaweza kutoa hewa hiyohiyo, kwahiyo sisi hata mvua inyeshe vipi tunapikia nje chini ya mlango wa nyuma, ule wa kuinua, unatukinga vizuri tu.

La pili ndo lile la gesi ya kopo linalokuja kwenye kibegi cha plastiki, nililinunua Kariakoo kwa elfu 55. Kiukweli ni jiko zuri na sitaki kulisema vibaya, nyepesi, linakaa chini vizuri haliyumbi, linawaka lenyewe bila kiberiti, sufuria ya wali wa watu wanne inatulia juu yake. Kopo linaingia ubavuni, ukingo wa kopo una sehemu ndogo imekatwa, hiyo sehemu lazima iangalie juu ikae kwenye kale kaulimi ka jiko, ndo unashusha ule mkono wa pembeni unasikia tak. Ikikaa vibaya usilazimishe, toa uanze upya, maana ukilazimisha gesi inaanza kuvuja pale pale mdomoni mwa kopo na harufu utaisikia.

Tatizo lake la kwanza ni ulaji. Kopo moja lina gramu 220 hivi na moto ukiwa mkubwa unapata saa moja na kidogo, labda saa moja na nusu ukibana. Safari ya siku nne tulimaliza makopo saba, na kopo nilikuwa nanunua elfu 7. Piga hesabu mwenyewe, kilo moja ya gesi ya kopo inakuja kama elfu 32, wakati mtungi wa kilo 6 nilikuwa najaza kwa elfu 25, yaani kilo moja haifiki elfu 4 na mia tatu. Tofauti ni zaidi ya mara saba! Na ukitoka mjini makopo huyapati, duka la kijijini watakuonyesha mtungi lakini kopo hapana.

Tatizo la pili ni upepo, na hapa nataka kila mwenye jiko hili asome vizuri. Tulikuwa Ushongo, Pangani, mwezi wa nane, kusi inavuma kutoka baharini mchana kutwa. Moto unalala upande mmoja, chai ya watu wanne dakika 25 bado maji hayajachemka. Nikazungushia masinia na begi pande zote kuzuia upepo, na juu nikabandika lile sufuria kubwa la kuchemshia pweza, limezidi mpaka limefunika sehemu ya kopo. Maji yakaanza kuchemka kweli nikafurahi, baada ya muda nikasikia tak ule mkono umeruka juu wenyewe, kopo limetoka kwenye nafasi yake na jiko limezima. Nikaligusa kopo, lilikuwa la moto, sio vuguvugu, la moto kabisa.

Aliyeniuzia hakuniambia chochote kuhusu hili ila ndivyo haya majiko yalivyotengenezwa, kopo likipata joto presha ya ndani inapanda, ikizidi kiwango kuna kifaa kinalisukuma kopo litoke gesi ikatike. Kile kifaa ndo kilituokoa siku ile, watoto walikuwa wamekaa hatua mbili tu kutoka pale. Kwahiyo ukinunua angalia kwanza kama jiko lina hicho kifaa, kuna ya bei ya chini sana hayana. Sufuria isizidi ukubwa wa vile vyuma vya jiko vinavyoibeba ikafunika kopo. Kinga ya upepo weka upande mmoja tu, ule upepo unakotoka, upande wa kopo uache wazi kabisa.

Sasa tatizo la tatu ndo lililonifanya nibadilishe jiko, nalo ni baridi. Mwezi wa saba mwaka jana tulipanda Kitulo kupitia Chimala, ile barabara ya Hamsini na Saba, kona 57 mpaka unafika Matamba, Hiace yetu ni fowili ikapanda vizuri japo taratibu. Kule juu uwanda wenyewe uko kama mita 2,600 na miezi hiyo barafu nyembamba inalala kwenye majani alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu naamka kuwapikia watoto uji, nawasha jiko, moto unatoka kama uzi wa bluu, unatetemeka halafu unajikunja. Kopo ni jipya, nalitikisa nasikia kabisa gesi ipo ndani inacheza. Baada ya dakika chache kopo kwa nje limeshika ukungu mweupe, ukipitisha kidole unabaki mstari.

Nilikuja kuelewa baadaye. Makopo haya mengi ni biuteni, na biuteni inageuka kuwa hewa ikiwa kwenye nyuzi joto karibu na sifuri kwenda juu, chini ya hapo inabaki kimiminika tu ndani ya kopo. Na gesi inavyotoka inapooza kopo zaidi, kwahiyo hata kama nje ni nyuzi nne au tano kopo lenyewe linashuka chini ya hapo. Mke wangu ndo alilichukua kopo akalifunga kwenye kanga akaliweka ndani ya koti lake, akakaa nalo robo saa, tukalirudisha moto ukawa mzuri dakika kama kumi halafu ukafifia tena. Tukawa na makopo mawili tunabadilishana, moja jikoni moja kwenye koti, mpaka uji ukaiva. Mwanangu mdogo alikuwa analia kwa baridi muda wote ule na mimi sina cha kumpa cha moto, hiyo asubuhi sijaisahau. Njia nyingine ni kulikalisha kopo kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, uvuguvugu tu wa kunawia mkono, sio ya moto, na usithubutu kabisa kulisogeza kopo karibu na moto.

Tuliporudi Dar nikahamia kwenye mtungi. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propeni na biuteni, na propeni inaendelea kutoka mpaka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, baridi ya Kitulo au Njombe sio kitu kwake. Mtungi wenyewe pia ni mkubwa, haupoi haraka kama kopo. Mwezi wa sita mwaka huu tumelala Makete siku tatu, asubuhi nawasha moto umesimama, chai dakika tisa. Sikununua ule mtungi wa kubandika bana, yaani kichwa cha kuwashia moto, juu yake kwa sababu sufuria inakaa juu sana na watoto wanapita pita, nilichukua jiko la chini la plate moja, mpira wa mita moja na nusu na regulita, kile kifaa cha mdomoni mwa mtungi kinachopunguza presha ya gesi.

Kasoro zipo. Mzito, chuma na gesi yake unavuka kilo 12, na unakula nafasi. Halafu gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu, inatulia sakafuni, na ndani ya gari hiyo ni hatari kubwa. Gari za kukempu za Ulaya kabati la mtungi wanalitoboa tundu chini ili gesi ianguke nje. Mimi fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, amenichomelea kikapu cha chuma nje, nyuma ya gari, mtungi unakaa umesimama na mkanda mmoja. Kila tukifika natoa povu la sabuni napaka kwenye maungio, likitoa mapovu sipiki mpaka nikaze upya, na usiku nafunga kwenye mtungi wenyewe, sio kwenye jiko tu.

Maharage usitegemee jiko lolote kule juu Kitulo, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 91 tu hivyo yanachelewa sana kulainika, tunayachemsha nyumbani tunagandisha kwenye friji tunaenda nayo.

Jiko la kopo sijaliuza, nalitumia kwa chai ya njiani pale Mikumi au Ruaha Mbuyuni ambako joto lipo. Mwezi wa kwanza tunarudi Kitulo maua yakiwa yamechanua, ninachotafuta sasa ni mtungi wa kilo 3 ili nipunguze uzito kwenye zile kona.