Canon TS-E 24mm f/3.5L II: lenzi ya kupigia magofu ya maonesho ya dunia

Karibuni watazamaji. Lenzi iliyo mezani leo ni Canon TS-E 24mm f/3.5L II, ya mwaka 2009. Ina gramu 780, filta yake ni ya milimita 82, na fokasi ni ya mkono tu. Tunaipima kwa banda la jimbo la New York pale Flushing Meadows, Queens, alilolisanifu Philip Johnson kwa maonesho ya dunia ya 1964 na 1965.

Nguzo 16 za zege, kila moja karibu mita 30, bado zimebeba taji la chuma la duaradufu. Mapaa ya plastiki ya rangi yaling'olewa miaka ya 1970, zikabaki nyaya. Pembeni ipo minara mitatu, mrefu wake mita 69. Ukiielekeza kamera juu ili uupate wote, mnara unalala kinyumenyume. Kwa jengo jipya hiyo ni dosari ndogo. Kwa gofu ni kosa zito, maana anayeangalia hajui kilichoinama ni nguzo au ni kamera.

Shifti, yaani kuisogeza lenzi juu, chini au pembeni bila kuinamisha kamera, inalitibu hilo. Simamisha kamera wima kwenye tripodi, upande mrefu wa picha ukiwa wa juu-chini, ihakikishe kwa pimamaji, tilti (kuinamisha lenzi yenyewe) iwe sifuri na ufunge skrubu yake. Kisha zungusha kitufe cha shifti, lenzi ipande hadi milimita 12 huku kamera ikibaki palepale. Ukiwa na sensa ya milimita 36 kwa 24, kamera usawa wa macho, mnara ule unaingia wote kuanzia mita 54. Bila shifti ungerudi nyuma hadi mita 90, na nusu ya picha ingekuwa ardhi tupu.

Sasa matatizo. Kwenye kamera yenye kioo ndani (DSLR), mwanga upimwe kabla ya shifti. Ukipima baadaye namba zinakudanganya. Kwa hiyo pima, weka namba hizo kwa mkono (manual), ndipo upandishe lenzi. Kwenye milimita 12 kamili pembe za juu zinafifia, na huko juu ndiko zilipo nyaya na kutu. Funga tundu la lenzi hadi f/11, na kama milimita 10 zinakutosha, ishia hapo. Fokasi ikuze mara 10 kwenye skrini, ukitafuta kichwa cha bolti au ukingo wa ufa.

Ukitaka kuunganisha picha kwa shifti ya pembeni, kamera ikiwa wima, piga tatu: kushoto 12, katikati, kulia 12. Mbili hazitoshi, kwa sababu sensa ina upana wa milimita 24 na picha zitagusana bila kupishana.

Kuna wanaosema programu inanyoosha mistari. Inanyoosha, ila inavuta pikseli za kileleni na kukata pembeni, yaani inaharibu palepale unapotaka kuonesha uchakavu. Kwa safari moja, kodi lenzi hii. Kama kazi yako ni kumbukumbu za majengo, inunue, hata iliyotumika, mradi ujaribu kwanza kama skrubu ya shifti inashika lenzi ikielekezwa juu.